Monita ya "mia" niliyoinunua Mchangani

Kibandiko cha njano juu ya kioo kiliandikwa kwa kalamu nene: GEMU 100HZ, 180,000. Pembeni yake, juu ya meza ile ile, alikaa pacha wake: umbo moja, mguu mmoja, tundu zile zile kwa nyuma. Huyu wa pili kibandiko chake kilikuwa na bei tu, 130,000.

"Kaka, hizi mbili tafauti yake nini?"

Kijana akaipapasa ile ya kwanza kama anauza mbuzi wa Idi. "Hii imefunguliwa, dada. Inakwenda hezi mia, picha mia kwa sekunde. Unamchukulia mdogo wako?"

Mdogo wangu yupo, na atakuja kwenye maelezo haya kwa malalamiko yake. Lakini monita ilikuwa yangu. Mchana nauza duka la dawa Mwanakwerekwe, hapa Unguja. Usiku, Isha ishaswaliwa na vyombo vishaoshwa, nacheza gemu ya risasi, Counter-Strike 2, mpaka Mama agonge ukuta. Monita yangu ya zamani iliuliwa na chumvi. Tunakaa Mtoni, upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini, na tundu la kebo lilifanya kutu ya kijani mpaka picha ikawa inakuja kwa kubembelezwa. Nilikuwa na laki na sabini mkononi, na subira ya kungoja mtu aninunulie mpya Dar sikuwa nayo.

Duka silitaji jina. Ni moja ya yale ya Mchangani yanayoshusha vyombo vilivyotumika kutoka Dubai: kompyuta za maofisi, spika, mashine za kufulia, mara viti vya saluni. Kwa sifa zao, wanakuachia uchomeke mwenyewe, wana stablaiza, na hakuna anayekuharakisha. Nilikaa karibu saa nzima nikitafuta pikseli zilizokufa, yaani vinukta vya picha visivyowaka, nikiweka kioo cheupe, chekundu, kijani, buluu na cheusi, na kijana akaniletea kiti. Niliona moja tu, kona ya chini kulia, kama nukta ya wino. Kwa monita iliyokwisha kutumikia ofisi za watu, moja nasamehe.

Kisha akanionesha mia yake. Akafungua mipangilio ya skrini kwenye Windows na kweli, nimeona kwa macho yangu: 100 Hz. Alama zote kwenye kioo zilikuwa kubwa kubwa, herufi nene kama za kadi ya harusi. Nikadhani kaweka vile ili wazee wanaopita waone vizuri. Jibu lote lilikuwa pale kwenye zile herufi, nami nikaliangalia nikalipita.

Tukapatana 165,000 pamoja na kebo ya HDMI ya mita tano, ndefu ya kufulia nguo. Nikaifunga monita kwa kanga mbili, nikaipakata kwenye daladala. Bibi aliyekaa karibu yangu akaniuliza televisheni hiyo inchi ngapi. Nikamwambia ishirini na nne. Akasema yake kubwa zaidi.

Nyumbani nikachomeka. Kadi yangu ya picha ni GTX 1650, haina makuu lakini Counter-Strike kwa mipangilio ya chini inaipeleka fremu, yaani picha, zaidi ya mia kwa sekunde bila kulalamika. Nikafungua mipangilio, pikseli 1920 kwa 1080, nikaangalia orodha ya Hz: 60. Chini yake 59.94, chini yake 50. Mia haipo. Nikampigia kijana simu.

"Ah, dada, na kwako lazma uifungue. Ile ni setingi ya kompyuta."

Hapo nikakaa kitako. Maana alichosema ni kweli tupu. Monita nyingi, ukiipandisha kasi, kile wachezaji wanachokiita ovakloki, hakuna kinachobadilika ndani ya monita yenyewe. Ni kompyuta inayoamrishwa itume picha nyingi zaidi kwa sekunde, na monita ama ikubali ama ikatae. Amri hiyo inakaa kwenye Windows na kwenye programu ya kadi. Kwa hivyo ile "kufunguliwa" niliyoilipia elfu thelathini na tano zaidi ya bei ya pacha wake ilibaki dukani, kwenye kompyuta ya duka. Mie nimekuja nyumbani na pacha.

Zipo monita ambazo kweli hubeba kasi ya ziada ndani yake. Acer Predator X34 ilitoka kiwandani ikiwa ya Hz 60, na kwenye menyu yake ukaweza kuipandisha hadi 100. ASUS PG279Q ni ya 144, menyu yake inakupa 165. Hizo ni kampuni zenyewe zimeweka na kuitangaza. Na miaka ya 2012 hivi kulikuwa na monita za Korea, QNIX na Catleap, inchi 27, ambazo watu waliziagiza kwa bei rahisi wakazipeleka Hz 96, wengine 120. Zile zilikuwa na siri yake: ndani hazikuwa na ile chipu ya kupokea na kuipanga upya picha. Kebo ilikuwa kama inazungumza na paneli, kioo chenyewe, moja kwa moja, hakuna mlinzi mlangoni. Yangu ni ya ofisini, ina mlinzi, na mlinzi wake nitamtaja sasa hivi.

Basi nikasema, maadamu nimeshalipa, nitaifungua mwenyewe nione mwisho wake.

Kwenye paneli ya NVIDIA, ile programu ya kadi yangu, kuna pahala pa kutengeneza rezolusheni, yaani ukubwa wa picha kwa pikseli, yako mwenyewe. Wenye kadi za AMD wanayo kwenye programu yao, na yeyote yule anaweza kutumia programu ndogo ya bure inayoitwa CRU. Unaandika 1920 kwa 1080, unaandika kasi unayoitaka, unabonyeza kujaribu. Kioo kinazima, kinawaka, unaulizwa ubakishe au urudishe. Usipojibu, inarudi yenyewe ilikotoka.

Nikaanza 61. Ikakubali. 63, 65, 66, zote sawa. 67, kioo cheusi na kijisanduku cha maneno ya Kiingereza kwamba mawimbi yamevuka mpaka. Nikarudi 66, sawa. 67, cheusi. Mara nne, tano, haibadiliki. Mpaka uliokatwa wima kama ule una sababu yake, nikachukua kikokotoo cha duka la dawa.

Picha inayokuja kwenye kebo ni kubwa kuliko unayoiona. Pembeni na chini yake kuna pikseli tupu, hazioneshwi. Mie naziita pindo. Kioo ni 1920 kwa 1080, lakini kwa vipimo vya kawaida vya televisheni, pamoja na pindo, kinachotumwa ni 2200 kwa 1125. Zidisha hizo mara 60 na unapata pikseli milioni 148.5 kwa sekunde. Na HDMI za mwanzo, kabla ya toleo la 1.3, ziliwekewa kikomo cha milioni 165. Matoleo ya baadaye yaliruhusu zaidi sana, hadi 340 na kuendelea, lakini monita nyingi rahisi za ofisini ziliendelea kuwekewa chipu ya kupokea inayoishia pale pale 165. Gawa 165 kwa ile 2200 mara 1125: 66 na ushei. Ndiye mlinzi wangu huyo. Hakatai kasi, anakataa uzito wa mzigo.

Ukishajua hivyo, kazi inakuwa ya fundi cherehani. Nguo huwezi kuikata, lakini pindo unaweza kulipunguza.

Babu alikuwa amekaa barazani, mlango wazi, ananiona napiga hesabu kwenye karatasi ya dawa. Akaniuliza pindo la nini. Nikamwambia la televisheni, akacheka sana. Babu aliiona televisheni ya rangi hapa Unguja katika miaka ya 1970, wakati nchi nyingi jirani hazijaijua, na mtaa mzima ukikaa mbele ya seti moja. Hilo pindo ni urithi wa seti zile. Ndani ya kioo cha bomba kulikuwa na mwale unaochora picha mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia, na kila ukimaliza mstari unahitaji nafasi ya kurudi kushoto, na ukimaliza picha unahitaji nafasi ya kurudi juu. Nafasi hiyo ikaachwa tupu. Leo hakuna mwale wala bomba, lakini pindo limebaki, fupi kidogo, kama mila ambayo hakuna anayekumbuka nani aliianzisha.

"Na sisi ilikuwa ngapi hiyo yako?" Babu akauliza.

Picha 25 kwa sekunde, nikamwambia, kila moja imekatwa nusu mbili, kwa hivyo nusu 50.

"Na tuliona vizuri tu."

Sikuwa na jibu.

Kuna vipimo vilivyokwisha kupunguzwa pindo ambavyo paneli ya NVIDIA inavyo kwenye orodha, unachagua tu. Hivyo vinaishusha 2200 hadi 2080, na ile mistari 1125 inapungua pia kidogo. Nikavichagua nikapanda: 68, 70, 71. Kwenye 72 kioo cheusi. Hesabu ikakaa sawa tena: kwa 71 mzigo ni milioni 164.96, nywele moja chini ya kikomo. Nilifurahi kuliko ilivyostahiki.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nilikuwa nabonyeza haraka haraka, nikajaribu 76 kwa pindo lile lile, kioo kikazima, na kidole changu kikagonga Enter gizani. Nilichokikubali sikukiona. Nikabaki na monita nyeusi na kompyuta inayovuma. Kuwasha na kuzima hakukusaidia, inakumbuka. Dawa yake nilikuja kuijua baadaye: unaiwasha Windows kwa hali ya usalama, au ukiwa na CRU unaendesha kifaili chake cha kufuta yote. Mie usiku ule niliijua njia moja tu, nikaibeba kompyuta mpaka sebuleni nikachomoa kebo ya kisimbuzi, katikati ya tamthilia ya Kituruki, mama mkwe ndo kwanza kafungua barua. Ile rezolusheni mbovu ilikuwa ya monita ile tu, kwenye televisheni picha ikaja. Nikaifuta kwa dakika mbili. Mama hakunisemesha mpaka asubuhi, na asubuhi akaniuliza barua ilisema nini.

Kabla ya kuanza, basi, weka tayari kioo cha pili. Hata televisheni ya mtu mwengine.

Siku ya pili nikaingia kwenye vipimo vya mkono, ambapo unaandika kila namba mwenyewe. Nikalikata pindo hadi jumla ya 2000 kwa 1100. Zidisha mara 75 na unapata 165 kamili, hata sifuri haikuzidi. Nikabonyeza. Picha ikaja! Nikamwita mdogo wangu aje kushuhudia, na alipofika kioo kikazima sekunde moja kikarudi. Baada ya dakika tatu tena. Nikajaribu kulikata pindo zaidi, mistari 1090, picha ikateleza chini na sehemu ya juu ikaliwa. Nikarudi 1100, nikashusha 74. Mzigo ukawa 162.8. Bado kikawa kinapepesa, mara chache lakini kinapepesa.

Kumbe kebo. Ile ya mita tano ya zawadi. Nilinunua ya mita moja na nusu kwa elfu nane, na toka siku hiyo 74 imekaa imara wiki tano, haijazima hata mara moja. 75 hata kwa kebo mpya inapepesa kila baada ya nusu saa hivi, nimeiacha.

Namba kwenye Windows hata hivyo ni ahadi tu. Monita inaweza kupokea picha 74 ikaonesha 60, nyengine ikazitupa kimya kimya, na wewe ukatembea mtaani unajisifu. Kuna tovuti ya TestUFO ina kipimo cha hili. Inachora viboksi kwenye safu na kila picha mpya inawasha kiboksi kinachofuata. Jicho haliwezi kuona, lakini kamera inaweza. Nikaiweka simu juu ya mkebe wa maziwa, nikaingia kwenye hali ya mkono, nikaliacha lenzi wazi sehemu ya kumi ya sekunde, nikapiga. Viboksi saba vilivyofuatana, vyote vinang'aa, hakuna pengo. Nikapiga picha kumi na tano, zote hivyo hivyo. 74 ni ya kweli.

Hapo tena nikaikumbuka mia. Nikakumbuka zile herufi za kadi ya harusi. Nikaishusha rezolusheni hadi 1280 kwa 720, nikaandika 100, nikabonyeza. Ikakubali papo hapo bila kelele, kwa sababu picha ile ni ndogo na mzigo wake hauufikii ule mpaka. Windows ikaandika 100 Hz kama ilivyoandika dukani. Nikaweka simu juu ya mkebe nikapiga. Viboksi kumi kwenye safu, vinne vyeusi. Mlinzi alikuwa akipokea mia, anaipitisha sitini, nyengine anazitia mfukoni.

Kwa hivyo 100 ya dukani ilikuwa 60 iliyovaa koti la watu, tena kwa picha yenye ukungu. Na sidhani kijana alijua. Aliona namba akaiamini, kama nilivyoiamini mie.

Sasa, je, 74 inafaa kitu? Kwa 60 picha mpya inakuja kila milisekunde 16.7. Kwa 74 inakuja kila 13.5. Umepata milisekunde tatu na kitu. Nilivyoihisi mie kwanza si kwenye gemu, ni kwenye kusogeza ukurasa mrefu wa maandishi: herufi zinasomeka kidogo zaidi zikiwa zinapita. Kishale cha mausi kinafuata mkono kwa ukaribu zaidi. Kwenye Counter-Strike, ukigeuka ghafla kwenye kona, picha haikatikikatiki kama zamani. Nikamwambia mdogo wangu anibadilishie kati ya 60 na 74 bila kuniambia, nigeuke nicheze nibashiri. Nikapata saba katika kumi. Yeye alipojaribu akapata tano, yaani kama anarusha sarafu, akasema mashine mbovu.

Lakini paneli yenyewe ni ya ofisini, rangi zake zinachelewa kugeuka, na mtu mweusi akikimbia mbele ya ukuta mweupe anaacha kivuli nyuma yake. Hicho kivuli hukiondoi kwa kuandika namba. Niliicheza 144 ya kweli nyumbani kwa binamu yangu Fuoni, na baada ya hapo 74 yangu ilinionea haya siku mbili. Sitaki kudanganya watu: hii ni hatua ya bure, ni hatua ndogo. Ukiwa na uwezo wa kununua ya 144, hata iliyotumika, nunua, na usipoteze usiku wako na pindo.

Malalamiko ya mdogo wangu sasa. Yeye anacheza mpira, na gemu yake ya mpira imefungwa kwenye fremu 60, haipandi hata umpe kadi ya dhahabu. Fremu 60 kwenye kioo cha 74 maana yake kila sekunde kuna picha 14 zinazorudiwa mara mbili, na haziji kwa mpangilio mzuri. Mpira unakwenda, unasita, unakwenda. Alikuwa kafungwa tatu bila na mtoto wa jirani akaja kunisimamia mlangoni: "Dada, umeikoroga nini hii?" Safari hii alikuwa na haki. Nimemwekea 60 kwenye akaunti yake na 74 kwenye yangu, na kwa filamu naishusha 72, kwa sababu filamu nyingi ni picha 24 kwa sekunde na 72 inazigawa sawasawa, kila picha mara tatu. Hii 72 nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Kamera inapopita polepole juu ya mji, haitetemeki.

Fundi umeme wa mtaani kwetu, mtu mzima ninayemheshimu, aliponisikia alinionya nisicheze, umeme wetu ni hezi 50 na monita ya 74 itakuja kuunguza nyumba. Nikamwambia kwa adabu, ami, hizo ni hezi mbili zisizojuana. Umeme wa ukutani ukiingia kwenye monita unageuzwa kuwa wa mkondo mmoja kabla haujafika popote, na kasi ya picha inapangwa na kadi. Akaitikia kwa kichwa kama mtu asiyekubali. Kwa usalama wa moyo wake nilishika mgongo wa monita kwa wiki nzima, kwa 60 na kwa 74, joto lile lile. Kinachoiua monita hapa kwetu ni chumvi na umeme unaopanda na kushuka. Hii naiwasha kwa stablaiza na kuifunika kanga nikimaliza.

Nilirudi Mchangani Jumamosi, simu mkononi na picha za viboksi. Nikamwonesha kijana kwanza 100 yake, nikamhesabia vyeusi. Akaangalia kwa muda. "Sasa, dada, si mia unaiona imeandikwa?" Nikamwambia imeandikwa, haipo. Pesa hakurudisha, na siwezi kusema alinikatalia kwa ubaya. Alisema bosi yuko Dubai, na elfu thelathini na tano si yake. Akanipa kebo fupi nyengine bure na chai ya tangawizi. Kwa bei niliyotoa nimelipa zaidi ya thamani, na kama ningelichukua pacha wa 130,000 ningelikuwa na kitu kile kile. Monita yenyewe naipa nyota nne kwa rangi zake na uimara. Duka nalo nyota tatu, na hiyo ya tatu ni ya kiti.

Kisha akaniuliza, sauti chini, hiyo 74 inafanywaje. Nikaifanya kwenye kompyuta yake, taratibu, na nikamwambia azime ile 1280. Alikuwa na monita tatu nyengine za namna ile kwenye rafu, tukazijaribu zote kwa namba zile zile. Moja ilipanda mpaka 75 na kubaki. Ya pili ikakwama 69 na kuanza kumeta. Ya tatu haikukubali hata 61. Kiwanda kimoja, umbo moja.

Juzi nilipita kununua bizari Darajani nikachungulia. Kibandiko cha GEMU 100HZ hakipo. Juu ya ile iliyopanda kipo kipya, mwandiko ule ule mnene: 75 KWELI, UJE NA KOMPYUTA YAKO. Bei 140,000.